Kifurushi cha Mia Nne na Kumi na Tatu

Ndugu zetu mliotoka karibu na mliotoka mbali, majirani, na ninyi wafanyakazi wa hospitali ambao naona mmekuja na vitambulisho bado shingoni, nimesimama hapa mimi mdogo wake marehemu, fundi cherehani, si kwa sababu najua kusoma kuliko wengine, bali kwa sababu shemeji yangu, mjane wake, alisema hataweza, watoto wakasema hawataweza, na mimi sikuulizwa.

Mkiniona na karatasi mbili mkononi msiogope, historia si ndefu mara mbili. Marehemu aliacha maagizo kwamba maisha yake yaandikwe na watu wawili, kila mmoja mahali pake, bila kuchunguliana, kisha karatasi zilinganishwe, na zikitofautiana hata kwa tarehe moja, isisomwe yoyote mpaka ijulikane ukweli ni upi. Shemeji yangu aliandika yake kwenye meza ya chakula, mimi nikaandika yangu kwenye meza ya kukatia vitambaa, na juzi mchana tukakaa kuzilinganisha. Zilitofautiana mahali pamoja tu, nami nitawaambia ni wapi tukifika hapo.

Marehemu alizaliwa siku ya Jumanne, tarehe 9 Aprili 1963, akiwa wa kwanza katika watoto wanne, kwenye nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, ambacho baba yetu alikuwa mlinzi wake, na mama yetu alikuwa mshonaji, akanirithisha mimi cherehani na kumrithisha yeye macho ya kuona mshono uliopinda akiwa upande wa pili wa chumba.

Alianza shule ya msingi Januari 1971, akamaliza mwaka 1977, akasoma sekondari kuanzia 1978 hadi 1981, na katika ripoti yake ya kidato cha pili, ambayo shemeji ameitunza hadi leo, mwalimu wa darasa ameandika kwamba mwanafunzi huyu ana bidii na heshima, ila hamalizi mitihani, kwa sababu akikosea mstari mmoja anachana karatasi nzima na kuanza ya pili. Mjue basi kwamba ugonjwa huo hakuupata kwenye kompyuta, alikwenda nao. Mwaka 1982 alijiunga na chuo cha ufundi, akahitimu upangaji chapa tarehe 30 Novemba 1984.

Tarehe 4 Februari 1985 aliajiriwa katika kiwanda cha uchapaji, akapanga herufi za risasi, moja moja, kwa miaka tisa, hadi kiwanda kilipofungwa tarehe 30 Juni 1994, na mwenye kiwanda, kwa kuona aibu, akampa kompyuta moja iliyokuwa ofisini akae nayo. Aliifungua na kuifunga mara nyingi kiasi kwamba binti yake, aliyekuwa ndiyo kwanza anatambaa, alijifunza kusimama kwa kushikilia ganda lake. Baada ya miaka miwili ya masomo ya jioni, tarehe 2 Septemba 1996, hospitali kuu ikamwajiri kuwa fundi wa kompyuta, na huko ndiko alikokaa hadi alipostaafu.

Sasa hapa lazima nieleze kazi yenyewe, maana mama yetu, hadi anaingia kaburini, aliamini mwanawe anafanya kazi posta, kwa kuwa kila akimpigia simu aliambiwa yuko kwenye vifurushi. Kompyuta haifanyi kitu bila mfumo wa kuiendesha, na mfumo huo ni mkusanyiko wa vifurushi vingi, kimoja cha kuonyesha maandishi, kingine cha kuongea na mashine ya kuchapa, kingine cha kulinda milango, na zamani marehemu na wenzake walikuwa wakizunguka wodi hadi wodi na diski mfukoni, wakiweka hiki hapa na kile pale, mpaka kompyuta mia na sitini zikawa na tabia mia na sitini. Mwaka 2001 aliomba seva iliyokuwa inatupwa, akaiweka katika chumba kilichokuwa cha mashuka, na rafu za mbao za mashuka ziko pale mpaka leo, akaandika orodha ya vifurushi vinavyohitajika, akaifundisha seva kuisoma orodha hiyo, kukusanya kila kifurushi na kukiunganisha na kingine, hadi itoke imeji moja, yaani mfumo mzima uliokamilika ndani ya faili moja, ambao kila kompyuta ya hospitali na ya zahanati zake zote arobaini na moja inapewa nakala yake. Mimi nilimwelewa siku nilipojiambia ni kama sare za shule, kwamba hukai ukamrekebishia mwanafunzi mmoja mmoja sare ikiwa mwilini, unarekebisha karatasi ya kukatia kisha unakata zote.

Kazi hiyo aliiwekea masharti matatu, na walio chini yake waliyajua kuliko namba zao za simu. La kwanza, hakuna kugusa kompyuta kwa mkono, ikiharibika irekebishwe orodha, imeji ijengwe upya kutoka mwanzo. La pili, kila imeji ijengwe mara mbili, kwenye seva mbili, na zote zisomwe hadi kila moja itoe namba yake ndefu ya utambulisho, na namba hizo zikipishana hata kwa tarakimu moja, imeji isitoke mlangoni. La tatu, mbele ya kila kifurushi kwenye orodha kuwe na mstari wa sababu, nani alikitaka na kwa nini, na kisicho na sababu kiondolewe. Orodha yake ilikuwa na vifurushi mia nne na kumi na viwili, na sababu mia nne na kumi na mbili, nyingine ndefu kuliko barua za uchumba.

Kwa ajili ya masharti hayo wakambatiza Mzee Anza Upya. Ukimletea kazi yenye kasoro hakugomba, hakununa, alikuwa anavua miwani, anaifuta kwa ncha ya shati, anasema, "Anza upya, mama," au, "Anza upya, baba," na wewe unatamani ardhi ipasuke. Hata nyumbani hatukupona. Suruali niliyomshonea kwa harusi ya mpwa wetu ilikuwa na mguu mmoja mrefu kwa nusu ya ukucha, nikafumua yote, na sikupewa hata pole.

Alifunga ndoa siku ya Jumamosi, tarehe 12 Desemba 1992, na mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi, mtu pekee duniani aliyeweza kumwambia umekosea akakubali, na wameishi pamoja miaka thelathini na miwili katika nyumba ile ile ya mtaa wa nyuma ya soko la mbao, ambayo wengi wenu mmekaa uani kwake siku hizi tatu.

Katika ndoa hiyo walijaliwa watoto, na hapa ndipo karatasi zetu zilipotofautiana. Mimi niliandika wawili, binti aliyezaliwa tarehe 21 Oktoba 1993, ambaye sasa ni mhandisi wa maji, na kijana aliyezaliwa tarehe 8 Februari 2006, ambaye yuko chuo cha ualimu. Shemeji yangu aliandika watatu.

Nilipouona mstari wake nilijua papo hapo aliyekosea ni nani. Siku ya Jumatatu, tarehe 3 Machi 2003, saa nne na dakika kumi asubuhi, katika hospitali ile ile aliyofanyia kazi marehemu, alizaliwa binti wa pili, mwenye kasoro ya moyo ambayo madaktari walieleza kwamba haikuwa na tiba kwa umri ule, akaishi siku nne, akafariki Alhamisi, tarehe 6 Machi, wazazi wake wakiwa bado wanabishana kwa furaha juu ya majina mawili, baba anataka hili, mama anataka lile. Nguo aliyozikwa nayo niliishona mimi, kwa mkono, kwa sababu cherehani ilikuwa kubwa mno kwa kitambaa kile. Na bado, ndugu zangu, nilipoketi kuandika historia ya kaka yangu, niliandika watoto wawili, kwa kuwa miaka ishirini na miwili sote katika familia tumekuwa tukihesabu bila yeye, tukisema mmoja, kisha wawili, tukidhani tunamwonea huruma mama yake, kumbe kila tuliposema wawili tulikuwa tunamzika mtoto yule tena. Naona aibu, na nimeomba nisome aibu hiyo hadharani.

Aliyetufundisha kusema wawili alikuwa marehemu mwenyewe, nalisema hili kwa ruhusa ya mjane. Tarehe 17 Machi 2003, siku kumi na moja baada ya mazishi, alirudi kazini, na tangu siku hiyo hakumtaja mtoto yule hata mara moja, akiulizwa ana watoto wangapi anajibu mmoja, na baadaye anajibu wawili, na shemeji yangu akakaa na imani kwamba mumewe amesahau, kwamba amerudi kwenye mashine zake na kufunga mlango. Hawakugombana kwa hilo. Waliishi vizuri, walicheka, walilea, lakini kuna kiti kimoja ndani ya nyumba ile ambacho kila mtu alikizunguka bila kukigusa.

Marehemu alistaafu tarehe 9 Aprili 2023, akiwa tayari ameanza kuugua figo tangu Agosti 2022, na kuanzia Januari 2024 alikuwa akisafishwa damu mara tatu kwa wiki, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kwenye kitanda cha dirishani, mkabala na kompyuta ya wauguzi iliyokuwa ikiendeshwa na imeji yake, na wauguzi wanasema alikuwa anaitazama kompyuta ile kuliko alivyoitazama mashine iliyokuwa inamtibu.

Kazi yake ilirithiwa na msaidizi wake wa miaka kumi na minne, mama wa watoto wawili, ambaye wodi zote zinamwita Dada Nyaya kwa kuwa hajawahi kuonekana bila waya begani. Januari mwaka huu hospitali ilinunua seva mpya, ile kuukuu ikapangiwa kuzimwa tarehe 16 Mei, na Dada Nyaya akaijenga imeji kwenye seva mpya, tupu, kutoka kwenye orodha peke yake, kama alivyofundishwa. Namba yake na ya seva kuukuu zikapishana. Akaanza upya, zikapishana tena. Alirudia mara sita kabla hajafikiria kitu ambacho hakuna mfanyakazi wa chumba kile angethubutu kukifikiria, kwamba labda aliyekosea ni mzee.

Aliifungua seva kuukuu, akaikagua kabati kwa kabati, na ndani yake akakuta folda imeandikwa "ya muda", ikiwa na kifurushi kimoja kidogo, cha mia nne na kumi na tatu, kilichowekwa kwa mkono tarehe 17 Machi 2003, ambacho seva hiyo na mwenzake, zote zikisoma folda hiyo hiyo, zilikuwa zikikichukua kimya kimya kila zilipojenga imeji kwa miaka ishirini na miwili. Hakikuwa kwenye orodha. Hakikuwa na sababu. Mzee Anza Upya mwenyewe alikuwa amevunja masharti yake yote matatu kwa pamoja, na Dada Nyaya anasema alicheka peke yake chumbani mpaka machozi, akajiambia Ijumaa nitamkomesha.

Kwa kufuata sharti la tatu alijenga imeji isiyokuwa nacho, akaipeleka kwenye zahanati moja kwa majaribio. Kabla ya saa sita mchana mkunga wa pale alipiga simu akiwa amechemka, akisema kuna watoto watatu wamezaliwa asubuhi ile na kompyuta inakataa kuwaandikisha, inadai majina, na wazazi hawajawapa majina, sasa yeye awafanye nini, awarudishe walikotoka? Hapo ndipo Dada Nyaya alipojua kifurushi kile kinafanya nini. Programu ya usajili haikubali mtu asiye na jina, na kile kifurushi kidogo ndicho kilichokuwa kinaiambia ikubali, imwandike kuwa mtoto wa mama fulani, mwenye kadi namba fulani, aliyezaliwa saa fulani. Alihesabu walioandikwa kwa njia hiyo tangu mwaka 2003, akapata watoto elfu sitini na moja, mia mbili na wanane.

Ijumaa ikafika, akaenda kitandani kwa mzee, kicheko kimeshamwisha, akamuuliza, "Mzee, hiki ni cha nini, na mbona hakina mstari?" Marehemu alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu, akasema kisicho na sababu kiondolewe. Dada Nyaya akamweleza habari za zahanati, na watoto watatu, na elfu sitini na moja. Akasema basi andika wewe sababu unayoona inafaa. Na hapa nataka mumsikie vizuri dada huyu, ameketi pale nyuma na anajificha, maana alimjibu mwalimu wake, "Hapana, mzee. Sababu anaandika aliyekiweka. Wewe ndiye uliyenifundisha hivyo, nami sitaanza leo kukudanganyia orodha." Akaondoka bila kuaga.

Jambo hilo lilikaa hivyo tangu Februari hadi Mei. Seva mpya haikuweza kuanza kazi bila kifurushi kile, kifurushi hakikuweza kuingia kwenye orodha bila sababu, na tarehe ya kuzima seva kuukuu ilikuwa inakaribia, na afya ya marehemu inakimbia mbele ya tarehe hiyo. Dada Nyaya alipita kila Ijumaa, anasalimia, anaweka karatasi tupu na kalamu juu ya kabati la kitanda, anaondoka. Sisi ndugu tulidhani ni mambo ya mafao.

Siku ya Ijumaa, tarehe 9 Mei 2025, mkono wa kuume ukiwa umefungwa mipira ya mashine na wa kushoto ukiwa umevimba, marehemu alimwomba mkewe achukue ile karatasi na kalamu amwandikie mstari mmoja wa kazini. Shemeji yangu anasema aliandika nusu ya kwanza kama anavyoandika imla ya darasani, bila kufikiri, na nusu ya pili kalamu ikamkatalia, ikabidi muuguzi amletee kiti. Karatasi yenyewe ndiyo hii ninayoitoa mfukoni, na naisoma kama ilivyo.

"Kifurushi cha 413. Kazi yake ni kumwandikisha mtoto ambaye bado hana jina. Kimewekwa na mimi, kwa sababu tarehe 3 Machi 2003, saa nne na dakika kumi asubuhi, alizaliwa binti yangu, akaishi siku nne, na nilipokwenda kuomba cheti chake niliambiwa hayupo, kwa kuwa kompyuta nilizozitengeneza mimi zilikataa kumwandika. Sikuweza kuiandika sababu hii. Kisiondolewe."

Walikaa pale mpaka mashine ikamaliza saa zake nne, na muuguzi aliyekuwa zamu ameniambia kwamba walikuwa wanabishana juu ya majina mawili, baba anataka hili, mama anataka lile, wakicheka na kulia, na hakuna aliyeshinda.

Dada Nyaya aliuingiza mstari ule kwenye orodha, akajenga imeji mara mbili, kwenye seva mbili, na Alhamisi tarehe 15 Mei namba zote mbili zikatoka sawasawa, tarakimu kwa tarakimu, akaziandika kwenye karatasi mbili, akazipeleka wodini, kwa kuwa alijua mzee hataamini kwa mdomo. Marehemu, ambaye kufikia hapo hakuwa na nguvu ya kuinua kijiko, alivaa miwani akazilinganisha mwenyewe kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa robo saa nzima, kisha akasema, "Haya, izime." Seva kuukuu ikazimwa kesho yake kama ilivyopangwa, na marehemu akafariki dunia Jumapili, tarehe 18 Mei 2025, saa tatu na nusu asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na miwili, mwezi mmoja na siku tisa, mkewe akiwa ameketi pembeni yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, walioivumilia tabia yake ya kuwasahihishia kadi za wagonjwa, majirani wa mtaa mzima mliotupa viti, maji na usingizi wenu, wafanyakazi wenzake wa chumba cha mashuka, na mkunga wa ile zahanati, ambaye hakumjua marehemu, na ambaye leo amesafiri ili aje kumwona. Dada Nyaya, kwako wewe hatuna maneno, umeturudishia mtu wetu kabla hajaondoka.

Kaka, karatasi yangu ya kwanza niliichana juzi, nikaanza upya, kutoka mstari wa kwanza, kama ulivyotaka. Nimeilinganisha na ya mkeo mara mbili. Ulijaliwa watoto watatu, na wote watatu wameandikwa. Zimetoka sawa, kaka, hakuna cha kurudia. Pumzika sasa.